Mstari wa Pili

Baba alikuwa msomaji wa kanisa pale Lwangwa, miaka thelathini na mmoja,
na kabla ya kusoma alipiga chafya. Mara zote.
Watu waliingoja chafya kama wangojavyo kengele.

Alinifundisha zaburi kabla sijajua herufi.
Yeye alitoa mstari wa kwanza, mimi wa pili,
jikoni, moshi ukitafuta tundu la kutokea,
mama akimenya ndizi za mbalaga, kisu kikisema chake.
"Mstari wa pili si mwangwi," alisema.
"Ni mguu wa pili.
Ukiusema kivivu sala itachechemea,
haitafika hata pale kwa Mwambeje."

Nikauliza: kwani Mungu hasikii mara moja?
"Anasikia. Wewe ndiye husikii."

*

Mithali alizipenda kwa tahadhari, kama mtu apendavyo wakwe.
Alisoma moja ya mkulima na shibe yake, akanyamaza,
akatazama dirishani, ng'ambo ya mgomba, kwa shangazi Subilaga
aliyelima mpaka mgongo ukapinda kama nyengo,
akazikwa kwa sanda ya kukopa.
"Hili ni kweli siku ya soko," alisema.
Akafunua kurasa kurudi nyuma,
kwa yule wa majivuni, mwenye vidonda na kigae,
anayemshitaki Mungu kwa Mungu.
"Na hili ni kweli usiku wa msiba.
Vimeshonwa kwa uzi mmoja, unaona?
Aliyeshona hakuona haya."

*

Kaka yangu Ipyana alifukiwa na kifusi cha mlima,
asubuhi, na chepe mkononi.
Wazee wakaja. Siku mbili walikaa na vichwa chini.
Siku ya tatu wakaanza kueleza.
Baba akawasikiliza hadi uji ukapoa, akasema:
"Jana mlikuwa mnanifariji."

Mwaka ule hakusoma zaburi ya shangwe hata moja.
Kila Jumapili chafya, kisha kilio.
Mchungaji akamwita ofisini:
"Mzee Gwakisa, watu wanataka kufurahi."
"Na mimi," baba akasema.
Akatoka. Jumapili iliyofuata akasoma kilio kingine, kirefu zaidi.

*

Mwezi wa pili kiharusi kilimpokonya maneno,
kikamwachia chafya.
Hawezi kuomba maji. Jina langu limempotea,
ananiita kwa nyusi.
Lakini nikianza mstari, anaumalizia.
Sauti inatoka kusikojulikana,
chumba ambacho mwizi hakukipekua.
Mkunga wa zahanati alikuja kusikiliza,
akasahau kikapu chake, akarudi kesho yake, akasikiliza tena.

Jana jioni mvua ilimwaga njegere juu ya bati,
Rungwe imejifunika shuka mpaka vifundoni.
Nilikuwa nimechoka na kitabu,
nimechoka kumlisha, kumfua, kumgeuza,
nikatunga mstari wangu mwenyewe, bila adabu:

Nimekuita kabla ukungu haujainuka.

Nikangoja. Mdomo wake, ule upande unaotii,
ukaenda polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe:

"na ndama... wa Tusajigwe... hajarudi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Tusajigwe alihamia Chunya nikiwa darasa la nne.
Ng'ombe wake waliuzwa wote, na zizi lile sasa ni chai.

Hata hivyo nilifungua mlango
nikasimama kizingitini, taa mkononi, miguu ikilowa,
nikisikiliza kule gizani, kupita migomba, kupita chai,
kama kuna kitu kinacholia.

Nyuma yangu baba akapiga chafya.

Nikafunga mlango, nikakitafuta kitabu.